RTS ndogo ya gemu jemu: anza na swali moja, askari watakuja baadaye

Wakuu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Jemu yangu ya kwanza kabisa (jemu ni yale matukio ya kutengeneza gemu nzima kwa siku mbili tatu) niliingia na wazo la RTS, yaani real-time strategy, gemu ya mkakati, zile za kujenga kambi, kuchimba madini, kutoa askari na kumvamia jirani, tena papo hapo bila kusubiriana zamu. Ijumaa usiku nikaanza na kile kiboksi cha kuburuta mausi ili uchague askari wengi kwa mpigo. Jumamosi nzima nikawa nahangaika askari wasigande kwenye kona ya ukuta. Jumapili asubuhi nina askari 20 wanatembea vizuri ajabu, wanapanga mstari, wanakwepa miti, na hawana cha kufanya. Hakuna adui, hakuna kushinda, hakuna kushindwa. Nikapandisha hivyo hivyo, mtu mmoja akaandika "wanatembea vizuri" basi, ikaishia hapo.

Kwa hiyo haya nayoandika ni kwa yule anayetaka kuingia jemu ya saa 48 au 72, kama zile za Ludum Dare ambazo zipo tangu 2002, au Global Game Jam ya kila Januari, na anang'ang'ania kwamba lazima afanye RTS. Watu watakwambia usithubutu, RTS ni kubwa mno kwa jemu. Mi nakwambia inawezekana, ila inabidi ukate mpaka uone huruma.

Tatizo la RTS ni kwamba vitu ambavyo mchezaji havioni ndo vinakula muda wako wote. Kuchagua askari, askari kutafuta njia, askari kutopandana, ramani ndogo pembeni, ukungu wa vita (ule unaoficha sehemu za ramani ambazo askari wako hawazioni), foleni ya ujenzi, adui wa kompyuta anayejua kujenga. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mtu atakisifia, lakini kimoja kikikosekana anakasirika kwa sababu kazoea gemu zilizotengenezwa na timu nzima kwa miaka. Sasa dawa yake sio kuvitengeneza haraka haraka, dawa ni kubuni gemu ambayo haivihitaji kabisa, mchezaji asikumbuke hata kwamba havipo.

Na hao wakubwa wenyewe walianza hivyo. Dune II ya 1992, ambayo wengi wanaihesabu kama mama wa hizi gemu, ulikuwa huwezi kuchagua askari zaidi ya mmoja kwa wakati, unamwamuru huyu, unaenda kwa yule, mmoja mmoja. Warcraft ya 1994 ikaruhusu wanne. Warcraft II mwaka uliofuata ikafika tisa, StarCraft ya 1998 kumi na wawili. Yaani hata kwenye gemu iliyochezwa mpaka kwenye mashindano ya televisheni huko Korea Kusini kulikuwa na ukomo wa 12, na watu wakajenga ustadi mzima juu ya huo ukomo. Kwa hiyo ukikata kitu usione unaibia watu. Ukomo nao ni sehemu ya gemu.

Sasa unakata ubaki na nini? Hapa ndo pa kukaa, chukua hata saa tatu za mwanzo bila kuandika mstari mmoja wa kodi ya programu. Jiulize: ni swali gani gemu yangu inamuuliza mchezaji tena na tena huku saa inakwenda? Liwe moja tu. Niende sasa au nisubiri. Nigawe jeshi au niliweke pamoja. Nilinde hapa au niache paanguke. Kama huwezi kulisema swali lako kwa pumzi moja bado huna gemu, una orodha ya vitu. Na angalia, swali lazima liwe na saa ndani yake, maana kinachofanya hizi gemu ziwe za papo hapo ni kwamba kuchelewa kuamua nako ni uamuzi. Kama mchezaji anaweza kwenda kupika chai akarudi na hali ikawa ile ile, hiyo tengeneza ya zamu tu, itakuwa rahisi kwako na nzuri zaidi.

Umbo ambalo mimi nalipendekeza kwa mtu yeyote anayeanza ni lile la Galcon, kagemu ka Phil Hassey: una sayari kadhaa kwenye skrini, kila moja imeandikwa namba ya meli zilizopo, zako zinazaa meli zenyewe, unaburuta kutoka sayari yako kwenda nyingine na sehemu ya meli zinaondoka. Zikifika kwa adui, kila meli yako inafutana na meli moja yake. Imeisha. Hakuna kuchagua askari kwa sababu unachagua sayari, hakuna kutafuta njia kwa sababu hakuna ukuta, hakuna ujenzi, uchumi na jeshi ni namba moja ile ile. Hiyo namba moja ndo utamu wake, kila meli uliyotuma kushambulia ni meli uliyotoa kwenye ulinzi.

Ila ukiikopi ilivyo utakuwa umetengeneza Galcon mbaya. Chukua mifupa, halafu weka kitu kimoja chako. Kimoja! Nitumie mfano wangu ili tuwe tunaongelea kitu kinachoshikika. Badala ya sayari weka visiwa, badala ya meli za angani weka majahazi, na kitu changu kimoja ni upepo. Sisi wa pwani tunajua biashara yote ya majahazi ilikwenda kwa kaskazi na kusi, upepo ukivuma huku unakwenda, ukigeuka unarudi, na katikati kuna tanga mbili ambapo haueleweki. Basi kwenye gemu upepo unavuma kutoka chini ya skrini kwenda juu kwa sekunde 30, hiyo ndo kusi, unatulia sekunde 5, unageuka unavuma kutoka juu kwenda chini sekunde 30, hiyo ndo kaskazi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mchezaji yupo chini, adui yupo juu. Swali la gemu: niondoke sasa au nisubiri upepo?

Ona kilichotokea hapo. Kusi ikivuma ni nafasi yako kushambulia, kaskazi ikivuma ni nafasi ya adui, na hizo sekunde 5 za tanga mbili ni honi ya kukwambia jiandae. Gemu imepata mapigo ya moyo bila kuandika mfumo wowote mpya, ni namba moja inayobadilika alama, jumlisha inakuwa toa. Anza na kusi ili mchezaji ndo awe wa kwanza kupata upepo, asije akapigwa kabla hajaelewa anafanya nini.

Hesabu zake ziwe nyepesi uweze kuzifanya kichwani, maana Jumapili saa 9 usiku kichwa hakitafanya kazi. Jahazi bila upepo linakwenda pikseli 80 kwa sekunde, upepo wa nyuma unaongeza 40, upepo wa mbele unapunguza 40 (anayejua vekta: zidisha mwelekeo wa jahazi na mwelekeo wa upepo kisha mara 40, wa ubavuni atapata kama sifuri mwenyewe). Visiwa viwili vikiwa umbali wa pikseli 480, kwa upepo wa nyuma unafika sekunde 4, upepo ukitulia sekunde 6, upepo wa mbele sekunde 12. Sasa chukua kisiwa kikubwa cha adui kinachozaa jahazi 1 kila sekunde na kina 15 ndani. Ukituma 25 kwa upepo mzuri unakuta 19, umeshinda na unabaki na 6. Ukituma hao hao 25 kinyume na upepo unakuta 27, umepoteza kila kitu. Jahazi zile zile, kisiwa kile kile. Hapo ndo nilijua gemu ipo, kwenye karatasi, kabla sijafungua laptopu. Na kama hesabu zako kwenye karatasi hazitoi hali mbili tofauti namna hiyo, usitegemee rangi na sauti zije kukuokoa.

Hesabu ya pili ni ya visiwa visivyo na mwenyewe. Kila kimoja kina walinzi, kwa hiyo kukichukua ni gharama, na kinarudisha gharama polepole. Kisiwa chenye walinzi 10 kinakula majahazi 11, kama kinazaa moja kila sekunde 2 basi unarudisha mtaji baada ya sekunde 22. Kingine kina walinzi 40 kinazaa moja kila sekunde, sekunde 41. Mechi ikiwa ya dakika 3, hicho cha pili mwanzoni ni uwekezaji na mwishoni ni mtego, na mchezaji ataligundua mwenyewe, hiyo raha usimwibie kwa kumwandikia maelezo. Weka pia ukomo, tuseme kisiwa kikifika 50 kinaacha kuzaa. Huo ukomo unamlazimisha mtu atoke, bila hivyo kila mtu atakaa kwenye kisiwa chake anarundika na hakuna vita.

Kuna ugonjwa wa hizi gemu zote ambao lazima uujue: anayetangulia anazidi kutangulia. Ana visiwa vitatu, wewe kimoja, basi anazaa mara tatu na dakika mbili zilizobaki ni kumsubiri akumalize. Watu wanatibu kwa kumsaidia anayeshindwa kisirisiri, mi sipendi, mchezaji akigundua anaona gemu inamdanganya. Upepo wenyewe unasaidia kidogo kwa sababu aliyetangulia hawezi kukumalizia kinyume na upepo. Cha zaidi, fanya mechi ziwe fupi na weka kitufe cha kuanza upya kinachofanya kazi hapo hapo bila kurudi menyu. Kushindwa kwa dakika 2 hakuumi, kushindwa kwa dakika 15 mtu anafunga brauza.

Haya tuje kwenye kodi, na hapa nina ushauri mmoja ninaouamini kuliko yote: usitengeneze majahazi, tengeneza misafara. Msafara ni rekodi moja yenye vitu vichache, umetoka wapi, unakwenda wapi, ni wa nani, una majahazi mangapi, umeshakwenda umbali gani. Kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya, unaongeza umbali kwa kasi mara muda uliopita, ukifika unatoa namba kwa namba. Majahazi 300 kwenye skrini kwa kompyuta yanakuwa misafara 12 tu. Yale matanga madogo mchezaji anayoyaona ni mapambo, unachora kila moja pembeni kidogo ya mstari kwa umbali wa kubahatisha, yanatawanyika vizuri kama yanakwepana kumbe hayajuani. Ungeyafanya kila moja liangalie jirani zake, 300 kwa 300, kila jozi mara moja, ni ukaguzi karibu 45,000 kila fremu, na kwenye brauza ya mtu mwenye laptopu ya kizee utaona mwenyewe.

Kama moyo wako unakataa kabisa na unataka askari watembee nchi kavu kwenye vikwazo, basi usimtafutie kila askari njia yake. Gawanya ramani viboksi, anzia pale wanapokwenda, sambaa kurudi nyuma kama maji yanavyojaa, kila kiboksi kikumbuke jirani gani yuko karibu zaidi na mwisho wa safari. Unafanya mara moja, halafu askari wote 100 wanasoma mshale wa kiboksi walichosimama. Ni mistari 30 hivi. Lakini bado narudia, bahari haina kona.

Wachezaji wengi kupitia mtandao: hapana. Najua Age of Empires ya 1997 ilibeba mapambano ya mamia ya askari kwa modemu ya simu, walituma amri tu na kila kompyuta ikajipigia hesabu yenyewe, ni akili kubwa, ila kosa dogo la hesabu kwenye kompyuta moja na zinaanza kucheza gemu mbili tofauti. Hilo bagi, yaani kosa la kodi, halitafutwi kwa saa 48.

Adui wa kompyuta watu wanamwogopa bure. Kila baada ya sekunde 2, sio kila fremu, apitie kila kisiwa chake na kila kisiwa ambacho sio chake, ajiulize nitakuta wangapi nikifika, na je ninao wa kutosha. Visiwa anavyoweza kuvichukua avipe alama: kinazaa kiasi gani, ukigawanya kwa gharama pamoja na muda wa safari. Achukue chenye alama kubwa, aongeze bahati kidogo ili asitabirike, atume. Kuna mtego mmoja ambao kila mtu anauingia na mimi pia niliuingia, lazima ahesabu misafara ambayo tayari iko njiani, la sivyo anatuma msafara kila sekunde 2 kwenye kisiwa kile kile mpaka nyumbani kunabaki peupe. Halafu ile fomyula ya "nitafika lini na nitakuta wangapi" iandike mara moja, itumie kwa adui na itumie pia kumwonyesha mchezaji anapoburuta kidole. Adui wangu simwambii kama upepo unakaribia kugeuka, anapiga hesabu kwa upepo wa sasa tu, kwa hiyo mara nyingine anatuma misafara inayokamatwa katikati ya bahari upepo ukigeuka, na hapo ndo mchezaji anajiona mjanja kinoma. Ugumu wa gemu ni hizo sekunde tu: mgumu sekunde 1, wa kawaida 2, wa kujifunza 4.

Kuhusu kuonekana, RTS inasomwa kabla ya kuchezwa. Mtu atoe jicho sekunde moja ajue yake ni yapi, ya adui ni yapi, upepo unaenda wapi. Bluu na chungwa, sio nyekundu na kijani, kuna watu wengi hawazitofautishi hizo mbili. Namba kubwa katikati ya kisiwa. Upepo usiuweke kwenye kamshale pembeni, ufanye uonekane bahari nzima, mistari myeupe inateleza juu ya maji, bendera kwenye kila kisiwa. Na kwa kuwa wengi huku tuko kwenye simu, kuburuta kidole kutoka kisiwa hadi kisiwa kunatosha kwa gemu yote, usiweke kitu kinachohitaji kitufe cha kulia cha mausi. Nusu ya majahazi yanaondoka kila ukiburuta, ukitaka zaidi buruta tena. Sauti nayo, majahazi 40 yakifika kwa pamoja usipige "tok" 40, weka angalau milisekunde 50 kati ya mlio na mlio, sikio litakushukuru.

Injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, tumia unayoijua. Mi natumia Godot kwa sababu ni ya bure, nyepesi, unaifungua tu bila kuinstall, na inatoa toleo la brauza. Picha kama sheria zinaruhusu chukua za Kenney, mtengenezaji wa picha za gemu, ni za bure kabisa, ila kwenye ile Compo ya Ludum Dare ya saa 48 kila kitu unatengeneza mwenyewe peke yako, kwa hiyo soma sheria kwanza usije ukaumia Jumapili.

Ratiba yangu, tuseme inaanza Ijumaa saa 12 jioni. Mpaka saa 3 ni karatasi, shilingi za sarafu na maharage mezani, unacheza mechi kwa mkono na yeyote aliye nyumbani. Mpaka saa 6 usiku duara mbili zinatumiana namba. Lala, kweli lala. Jumamosi mpaka mchana kuna upepo, kushinda, kushindwa na kuanza upya. Jioni adui yupo. Jumamosi usiku, hata kama gemu ni duara za kijivu, toa toleo la brauza na ulipandishe, maana toleo la brauza lina vituko vyake, sauti haitoki mpaka mtu abofye, fonti inapotea, na hayo uyajue ukiwa bado una siku. Mimi umeme ulikatika Jumapili saa 8 mchana kwenye jemu ya pili, ukarudi saa 2 usiku, toleo la Jumamosi ndo likaniokoa, likiwa na duara zake za kijivu.

Jumapili asubuhi mpe mtu ambaye hachezi gemu, dada, mama mdogo, jirani, kaa nyuma yake na funga mdomo. Usimwelekeze. Wangu alibofya kisiwa mara saba bila kuburuta, nikaongeza kidole kinachojichora kikiburuta kwa sekunde 3 za mwanzo, tatizo likaisha na maandishi yote ya maelekezo nikayafuta. Wa pili alikuwa hajagundua kabisa kuna upepo mpaka amemaliza, ndo nikaweka zile bendera. Baada ya saa 10 jioni usiguse namba yoyote hata kama una uhakika, kila nilipobadilisha kasi ya jahazi dakika za mwisho niliharibu kitu kingine. Rekodi kipande kifupi cha upepo ukigeuka na misafara ya adui ikikwama katikati ya bahari, kiweke juu kabisa kwenye ukurasa wa gemu yako, watu wanaamua kubofya kwa hicho.

Halafu kesho yake anza kucheza gemu za wenzako na kuwaandikia, wengi watakuja kucheza yako kwa njia hiyo, na utashangaa ni wangapi wametumia wikiendi nzima kwenye kile kiboksi cha kuchagua askari.